Jumatano, Chumba Namba Saba

Kilikuwa stoo ya vyandarua.
Harufu ya dawa ya mbu bado imekaa ukutani,
dirisha halifungi vizuri,
na kelele za soko la Ahero huingia bila kubisha.
Viti viwili. Saa ya mezani. Hakuna sindano.
Hilo ndilo lililonitisha:
Sista Peres, aliyeuzoea mshipa wangu wa kushoto,
amekaa mikono mitupu,
anangoja nitoe mwenyewe.

Nikampa karatasi ya maabara.
"Virusi havionekani," nikaisoma kwa sauti,
kama mtoto aliyepita mtihani.
"Nimeona," akasema. "Na wewe, Ogweno,
unaonekana?"

Nikacheka. Kicheko kikakwama.

Kwetu tunaiita parruok,
neno la deni, la karo, la mvua iliyochelewa.
Halikunitosha.
Nilikuwa nasimama shambani alfajiri, kombeo mkononi,
ndege wameushukia mpunga kwa maelfu,
na mkono hauinuki.
Si uchovu. Si njaa.
Niliwatazama wakila jasho la watu
nikasema moyoni: kuleni.

Jumatano ya pili sikuzungumza.
Hakukiziba kimya changu kwa Mungu wala kwa methali.
Ya tatu alisinzia, ametoka zamu ya usiku,
akashtuka, akaniomba radhi;
siku hiyo ndipo nilipomwamini.
Ya tano nilimtaja Mical.
Si "marehemu mke", kama fomu inavyotaka.
Mical, aliyetia chumvi mara mbili kwa kusahau,
Mical, aliyemeza vidonge vyake gizani ili nisijue,
nami nikameza vyangu gizani ili asijue,
miaka miwili,
kitanda kimoja.

Peres aliandika kitu, akakifuta.
"Nani amebaki nyumbani
ambaye bado unamficha gizani?"
Sikujibu. Saa ilijibu: muda umekwisha.
"Basi hiyo ndiyo kazi ya nyumbani," akasema.

Saa tatu usiku simu ikalia chini ya mto.
Miaka yote nilimwambia Apondi
inanikumbusha taarifa ya habari.
Redio yetu ilikufa na mafuriko.
Mtoto hakuwahi kuuliza.

Nikamwita. Nikaanza vibaya, nikaanza tena,
katikati nikapotelea kwenye bei ya mchele.
Alisikiliza huku akiparua masizi ya sufuria kwa kucha,
kisha akasema, "Baba, vidonge vikubwa hivyo,
unavimezaje bila maji?"
Akaenda mtungini.

Sasa sihesabu tena ni Jumatano ya ngapi.
Asubuhi nyingine mkono bado mzito.
Jana nilirusha tonge moja la udongo.
Lilikosa.
Ndege waliruka hata hivyo,
wakazunguka, wakarudi,
nami nikainama kuchota jingine.