Goti, Si Mgongo

Jumanne saa tatu asubuhi baba alikuwa akipiga pasi shati lake.
Saa tano pasi ilikuwa bado yafuka
na mkono wake wa kulia umelala kwenye zulia
kama mgeni asiyesema atakaa siku ngapi.

Siku ya kumi na mbili hospitali ikapiga simu:
Keshokutwa anarudi nyumbani.
Nyumba ipi? Hii yetu ya Harehills,
nyembamba kama daftari lililosimamishwa,
ngazi kumi na nne, choo kiko juu,
na aliyeondoka humu alikuwa mtu wa ngazi.

Thuweiba akaja kutoka Bradford na tepu ya cherehani.
Tukapima mlango, tukapima sebule,
tukapima kitanda ambacho hatujakiona.
Kabati la marehemu mama, na vikombe vyake
ambavyo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuvinywea,
tukalitoa uani likinyeshewa.
Bi Kaur wa nyumba ya pili akaleta turubai,
hakuuliza kitu.
Famau, simuni, toka Mombasa, aliuliza kila kitu
isipokuwa nauli.
"Mbali" ni neno fupi. Simcheki anayeliegemea.

Bi Hargreaves wa ustawi wa jamii alivua viatu mlangoni,
soksi moja ina tundu kidoleni,
nikampenda kwa lile tundu.
Ataamka mara ngapi usiku? Nani atamgeuza?
Nani atamwosha?
Hapo ndipo tukatazama zulia.
Kwetu mtoto wa kiume haoni utupu wa babake,
na binti ndiyo usiseme.
Kalamu yake ilingoja, ikangoja,
kisha haikuandika "hawajui".
Iliandika: waongezewe watu.

Watu wenyewe: nusu saa, mara nne kwa siku,
na usiku mzima ukabaki wetu.

Ukutani nje wakafunga kisanduku cha ufunguo.
Chagueni namba nne msizoweza kuzisahau.
Thuweiba akabonyeza moja, tisa, tisa, moja,
mwaka ambao baba alishuka hapa na koti la kuazima.
Tangu siku hiyo watu tusiowajua
huufungua mlango wetu
kwa mwaka wa ugeni wake.

Usiku wa kwanza, saa nane, alilowa.
Nikasimama na shuka mkononi
kama niliyepewa hotuba ya mtu mwingine nikaisome.
Nikainama. Nikavuta. Kiuno kikalia ko!
Na yeye, mdomo umeteremka upande,
yeye ambaye wiki mbili alitugawia irabu tupu,
akasema:
"Goti."
Nikalishika goti lake, nikalisugua. Akafumba macho,
zile hasira zake za zamani, nikazifurahia.
"Goti lako. Si mgongo."

Nilikuwa nimesahau. La, nilikuwa nimeficha.
Miaka ishirini na miwili
aliwageuza wazee wa watu katika mji huuhuu,
akirudi alfajiri na harufu ya sabuni ya waridi wa uongo,
nasi shuleni tukisema: baba yuko ofisini.

Nikakunja goti.
Mkono wake mzima ukanionyesha: kiganja hapa, begani,
kingine nyongani, shuka ikunje kama sambusa, iingize chini.
"Moja," akasema. "Mbili."
Tatu haikumtoka. Tuligeuka bila tatu.

Sikuona utupu. Niliona kovu dogo la kiunoni
ambalo hakuna aliyewahi kunisimulia.

Ijumaa ijayo watakuja kupima upya.
Huenda zamu zikapungua, huenda winchi ikaletwa,
huenda karatasi ya frijini, tuliyoifuta mara tano, ikafutwa tena.
Kabati bado liko uani.

Ila asubuhi ile Danuta alibonyeza mwaka wetu, akaingia,
akainua blanketi, akasimama kidogo.
"Nani kamlaza vizuri hivi?"
Nikafungua mdomo.
Baba akanyanyua kidole cha kushoto, polepole,
akajionyesha mwenyewe.