Hodi Nambari Tatu

Baba aliiacha juu ya kabati, imefungwa kwa mkanda wa suruali:
laptopu ya mwaka tisini na sita, nzito kama tofali la kuchoma,
bawaba moja imekatika, herufi Z imefutika kwa kidole chake,
maana Kipolandi hula Z kama panya anavyokula sabuni.
Kisomeo cha flopi kimekufa, mpira wa ndani umeyeyuka ukawa lami.
Mlango pekee uliobaki ni ule ufa wa ubavuni,
mwembamba kama mdomo wa mtu aliyeapa kunyamaza.

Jumapili nikaenda gulioni Bytom, theluji nusu yake maji.
Hieronim muuza vyuma akanichagulia kadi:
"Hii mpya zaidi, ina kasi. Chukua."
Ilikuwa na ukanda wa dhahabu mgongoni, wenye vinundu.
Nikaisukuma, ikagoma. Nikaisukuma tena, kama mjinga.
Dada yangu Jagna, bila kuinua macho kwenye viazi:
"Hiyo inakunywa volti tatu, shimo linamimina tano.
Waliouchonga ukingo huo walikuwa wanaiokoa."
Zloti zangu arobaini, cha mlevi,
zilikwisha kuliwa na mgema.

Ya pili ilikuwa mtoto wa kati, si ya kale, si ya leo:
adapta ya bati inayomeza kadi ya kamera.
Iliingia.
Ikatoa mlio wa juu, halafu wa chini.
Asiyejua angefurahi. Mimi nilijua.
Juu na juu ni karibu ndani;
juu na chini ni
nimekuona mgeni, ila sina pa kukukalisha.

Humo ndani kila kifaa kina nambari yake ya kubisha hodi,
na wawili hawabishi hodi moja.
Nilisoma orodha hadi tramu ya alfajiri ikapita.
Nambari tatu ilikaliwa na jicho la miale,
kile kioo cheusi cha nyuma kilichoundwa kiongee
na printa ambayo nyumba hii haikupata kuwa nayo.
Miaka yote hiyo kimeshika kiti, kinasubiri kuitwa.
Nilikionea haya kidogo.
Nikakizima.

Juu. Juu.

Paka akaruka. Jagna akaja, kisu cha viazi mkononi.

Tulidhani barua. Tuseme kweli, tulitaka barua,
kwa kuwa Baba maneno aliyapima kama chumvi.
Zilikuwa nambari tupu.
Alikuwa mpima ardhi wa mgodi wa makaa; kazi yake
kujua mtaa umezama kiasi gani
juu ya kile kilichochimbwa chini yake.
Kanisa. Kiwanda cha mikate. Shule, upande wa choo.
Halafu nyumba namba kumi na saba,
yetu.
Milimita tisa. Kumi na nne. Thelathini na moja,
mwaka Mama alipougua.
Kila Desemba, hakukosa.

Jagna akacheka, kisha hakucheka:
"Unakumbuka vile vipande vya mbao?"
Kila mkesha wa Krismasi, kabla ya supu ya bitiruti,
Baba alipiga magoti chini ya meza na kipande kipya,
akisema seremala aliyeichonga alikuwa mlevi.
Tulimlaani seremala yule miaka ishirini.
Hata hatukumjua jina.

Nikanakili yote. Megabaiti mbili na ushei,
dakika kumi na moja, taa ikikonyeza.
Jagna akaweka yai mezani.
Likaondoka taratibu, kama mtu anayeaga bila kusema,
kuelekea dirishani.

Nikaichukua ile kadi ya dhahabu, ya Hieronim,
nikainama, nikanyanyua mguu wa meza.
Iliingia bila ubishi.
"Bado kidogo," akasema Jagna,
jicho lake usawa wa yai.