Mizani ya Gathogo

Ilikuja na kilo mia moja tisini na mbili,
vumbi la bandarini bado limo kwenye mapezi ya rejeta.
Muthengi akaiegemeza ukutani:
"Fundi, nataka mia na sabini. Jumapili ya tatu kuna mbio."
Alisema kama anayeagiza chapati.

Mizani niliazima kwa Gathogo wa vyuma chakavu,
ile ya ndoana, uso kama wa saa, kioo kimepasuka.
Khamala, mwanagenzi wangu, akaandika kwa chaki
kwenye mlango wa bati, huku Kariobangi nzima ikigonga nyundo:
vioo vya pembeni, gramu mia sita na kumi;
stendi ya kati, kilo mbili na nusu, kwaheri;
ekzosi ya kiwandani, ukitoa bomba jembamba
lililochukua nafasi yake, kilo sita.
Niliipakata kwa mikono miwili kama mtoto wa watu.

Vikanyagio vya abiria. Muthengi akasita.
"Hivi navyo?"
Nikamuuliza, kwani unambeba nani?
Akatazama upande wa barabara, hakujibu.
Kilo moja kasorobo. Chaki ikaandika.

Shuleni, Mwalimu Zuhra alitufundisha mizani nyingine:
nane kwa nane, na ukizidisha silabi
anagonga meza kwa ufunguo wa kabati.
Nilikuwa mbovu. Sikujua
vidole vilevile vitakuja kuhesabu gramu.

Nilimwambia Khamala: anza na kinachozunguka,
gurudumu hulipia uzito wake mara mbili.
Bolti iliyopita nati ina shingo isiyoshika kitu,
hayo ndiyo mafuta. Kata hapo, piga tupa, pangusa.
Lakini kabla ya kutoboa, uliza chuma kinashikilia nini.

Wiki ya pili tukakwama mia na sabini na nne.
Tulizunguka pikipiki kama waombolezaji.
Khamala, mdomo umejaa mandazi, akasema:
"Na mwenye kitambi je?"
Muthengi akacheka, kisha akaacha kucheka.
Kesho yake alikuja na tango kwenye gazeti.

Chaki bado ilidai kilo nne.
Usiku stima zikapotea. Nikafunga drili ya betri,
nikashika tochi ya simu kwa meno,
nikatoboa mikono ya fremu ya nyuma,
matundu tisa kila upande,
yamepangika kama vifungo vya kanzu.
Niliipenda kazi yangu kuliko kazi ya kile chuma.
Sikuuliza.

Alfajiri, Barabara ya Kangundo, lami tupu.
Sauti ikapanda, ikapanda, ikawa uzi,
ikafika kwenye tuta,
ikakatika.
Alirudi akiisukuma, yeye mzima,
kiti kimebonyea nyuma kama ng'ombe anayetaka kulala.
Ufa ulipita kati ya tundu la nne na la tano, upande wa kushoto.
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mchana nikamrudishia Gathogo mizani yake.
Akanitazama, akaniomba nirudie nilichosema.
"Ulipimia hiyo? Fundi, hiyo ni ya kununulia.
Ya kuuzia iko ndani."
Kila kilo kumi huisoma nane.
Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama juani,
kati ya marundo ya mabati na majiko yaliyotoboka:
tulikuwa tumefika.
Tulifika tangu siku ya tango.
Mimi nahangaika kupunguza, na mizani inanipunja.

Nikachomelea vipande viwili vya chuma, unene milimita tatu,
vibaya kuvitazama, vimeziba kila tundu.
Khamala, chaki mkononi: "Tuandike na hii?"
Andika.
Gramu mia mbili na themanini zimerudi,
kwa mizani ya bucha ya jirani,
ambayo nayo, Mungu wangu,
sijamuuliza mwenyewe.