Kura Zilizoharibika

Tulihesabu kwa taa za simu
Darasa la Tatu B, umeme umekatika,
ubaoni bado jedwali la saba.
Mawakala macho kodo, kila karatasi
wakiimulika kama noti ya elfu kumi.

Mwanakombo Sefu: mia nne na kumi na mbili.
Deogratias Lyimo: mia nne na tisa.
Wa tatu hakufika hamsini; wakala wake
amelalia dawati, mdomo wazi.

Zilizoharibika, sita.
Tano ama tupu, ama vema mbilimbili.
Ya sita mtu kaandika
akikatiza nyuso zote za wagombea:
*Mtaro wa nyuma ya machinjio lini
Msimbazi unalala kitandani kwetu*

Msimamizi akauliza, "Sasa huyu kamchagua nani?"
Kimya.
Ikaingia bahasha ya kaki, ikapigwa lakiri.

Alfajiri nikabandika matokeo mlangoni.
Vuvuzela, vigelegele, khanga zikatandikwa matopeni;
diwani mteule akabebwa juujuu
mpaka penye mtaro.
Hapo wabebaji wakasita, wakamshusha.
Akakunja gauni, akapima kwa jicho,
akaruka
kama turukavyo sote.

Nami sikusema, wala sitasema:
mwandiko ule naujua.
Ile "r" inayoinama kama mtu aliyebeba ndoo
nilihangaika nayo mwaka mzima,
darasa hilihili, dawati la dirishani.
Haikunyooka.

Tahajia, lakini, hakukosea hata neno moja.