Mwisho Sitini

Mama aliamka usiku wa manane, amejikunja
kama anayetafuta sindano sakafuni.
Maumivu, alisema, yanaingilia chembe cha moyo
yanatokea mgongoni, pale ninapobebea mtoto.
Kilolo yote ilikuwa ukungu.
Tuliteremka Iringa na lori la mbao,
dereva akazima redio bila kuambiwa.

Mapokezi, kijana wa koti jeupe hakuinua macho:
"Mama anakunywa?"
Msimu wa ulanzi ulikuwa umekolea,
kila shina la mwanzi na mbeta yake,
na nyuma yetu kwenye benchi mtu akaguna.
Mguno mmoja tu, lakini ulifika mbali.
Mama, mzee wa kanisa,
anayenusa hata togwa kabla hajaionja,
akageuzia uso ukutani.

"Kamwene, mama," alisema wa maabara,
Eusebia Nyaulingo, jina limeshonwa kifuani.
Akafunga mpira, akapigapiga mshipa kwa vidole viwili,
akavuta damu, kijiko kimoja hivi,
nyeusi kuliko nilivyodhani.

Saa mbili baadaye, karatasi.
Neno: lipesi. Mbele yake, 912.
Pembeni, kwa maandishi ya sisimizi: mwisho 60.

Mimi ni mtu wa nyanya na viazi, Ilula wananijua.
Sayansi iliniacha darasa la saba.
Lakini gunia nalijua:
kuna mdomo wa gunia,
na kuna kinachopandishwa juu ya mdomo
kikashonewa kamba, mpaka gunia linaota kichwa cha pili.
Nikamwambia Eusebia: hii ni lumbesa.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Lumbesa ya magunia kumi na matano
ndani ya moja. Sisi ikifika matatu tu
tunaanza kuamini."

Akageuza karatasi, akachora.
Tumbo, kama kibuyu. Nyuma yake, kimelala ubavu,
kitu kama muhogo mwembamba:
kongosho.
"Huyu mpishi wa uani, hamumwoni.
Anatengeneza maji makali ya kuyeyusha mafuta na wanga,
anayatuma utumboni kwa mfereji.
Mfereji ukiziba yanamrudia,
yanaanza kumpika yeye mwenyewe.
Yanayovuja huingia kwenye damu.
Hayo ndiyo tuliyohesabu."

Nikauliza lililonikaba:
namba kubwa hivi, atakufa?
"Namba haipimi kifo.
Nimeona wa elfu tatu akienda nyumbani kwa miguu.
Na wa mia mbili..."
Akafunika kalamu.

Na ulanzi?
"Lipesi hainusi mdomo wa mtu, dada.
Inasema jikoni kunaungua.
Haisemi nani kawasha."

Kesho yake walimpaka mama mafuta baridi,
wakapitisha kifaa tumboni, wakatazama kioo.
Kijiwe cha nyongo. Punje ya njegere,
kimekaa mlangoni kama mdai.
Yule wa koti jeupe alikuja mwenyewe kutuambia.
Aliitazama dripu muda mrefu
kuliko dripu ilivyohitaji.

Mama alifunga kuliko Kwaresima yoyote,
hata maji, pamba tu midomoni.
Kijiwe kikatoka, sikuelewa vizuri kilivyotoka.
340.
118.
Mimi nje, kwenye simu, nikiuza nyanya ambazo sijaziona,
zinaozea kwenye matenga.

Siku ya uji mwepesi aliniomba karatasi ya kwanza.
Akaisoma bila miwani, mkono umenyooka mbali:
"Sitini ndiyo nini?"
Mdomo wa gunia, mama.
Akaikunja mara nne, akaifunga pindoni mwa kanga,
pale anapoweka sadaka.
Akanywa vijiko viwili. Akapumzika.
"Yule aliyeguna," akasema,
"ni mtu wa wapi?"