Vitufe Vitatu

Ukutani mna vitufe vitatu,
vyeupe, kama vya kuwashia taa ya ukumbini.
Kimoja tu kina waya.
Viwili ni bubu.
Tulisimama Isobe, mimi, na Morinaga,
bega kwa bega kama watu wanaongoja lifti.
Taa ndogo ikawaka, tukabonyeza pamoja,
na nyuma ya pazia sakafu ikafunguka.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipoanzia.
Thuluthi ya mauti.
Shamba la mpunga la baba tuliligawa watatu,
na kila mmoja alijua mwisho wa tuta lake.
Hili halina tuta.

Msiniambie Kajiwara alikuwa mtu mwema.
Aliwaua wazee wawili, wauza tofu wa Sendai,
kwa ajili ya kasha la sarafu.
Bibi alikutwa bado ameshika kitambaa cha kufutia meza.
Niliisoma hukumu yote, kurasa mia na ushei,
nikasema: kama yupo anayestahili, ni huyu.
Nilisema hivyo. Sijafuta.

Lakini miaka kumi na mmoja nilimpelekea chai.
Asubuhi moja alinitazama miguu, akasema,
Afisa, soli ya kushoto imeachia,
tia gundi leo, kesho theluji.
Nikatia gundi.
Theluji ikaanguka.
Ni viatu hivyo nilivyovaa siku ile.

Kule mtu haambiwi siku yake.
Kila asubuhi husikiliza hatua koridoni:
zikipita, amepata siku.
Zake zilisimama saa mbili kasoro.
Aliomba amalizie chai.
Akamalizia, akasuuza kikombe,
akakifudikiza ili kikauke.
Kikauke kwa ajili ya nani?

Jioni nikapewa bahasha ya posho.
Mkono mtupu haulambwi, husema watu;
wangu ulikuwa umejaa,
nani angeulamba?

Wiki ya tatu nikaenda kwenye duka lile.
Binti yao ndiye anayeliendesha, Bi Tsuruko,
mikono myekundu kwa maji ya baridi.
Sikujitambulisha.
Niliagiza vipande viwili, nikalaumu upepo,
naye akasema, ghafla tu, huku akikata:
Zamani nilikuwa nikiamka saa nane za usiku.
Sasa nalala mpaka kumi, saa ya kusaga soya.
Akafunga mzigo.
Saa mbili, akasema. Ndizo nilizorudishiwa.
Sikujua analalamika au anashukuru.
Nadhani naye hakujua.

Mkwe wangu ni mwalimu, hupenda mjadala mezani:
aliyeua auawe; la, dola isiue;
ana hoja nzuri kwa kila upande wa sahani.
Kitanda asichokilalia.
Mimi namega samaki, nauliza kimoyomoyo:
seremala huujua msumari alioupiga,
tabibu hutia sahihi kwenye cheti,
hata mwizi huijua mifuko aliyoingiza mkono.
Kama ile ilikuwa haki,
kwa nini ikafichwa mikono yake yenyewe?
Aliyejenga chumba kile alijua jambo,
akaliandika ukutani kwa vitufe viwili bubu.
Na kama haikuwa haki,
zile saa mbili za Bi Tsuruko
nani atakwenda kumpokonya?
Mimi siendi.

Morinaga alinikamata mkono hospitalini,
mwaka wa ini lake.
Kilikuwa changu, akasema. Nilihisi uzito.
Nikamwambia, pumzika.
Isobe naye, miaka mingi nyuma,
amelewa kwenye kituo cha treni,
alininong'oneza maneno hayohayo:
changu, changu, kilikuwa na waya.

Sikumwambia yeyote kati yao
kwamba kidole gumba hiki,
hiki hapa,
kilisikia kitu kikiachia.