Mwiko

Siku tatu tulizianika kokoto kule Bugonga
juu ya turubai, kama kahawa,
tukizigeuza kwa reki asubuhi na adhuhuri:
za rangi ya asali, za kijivu, chache nyeusi.
Jirani alichungulia ugani, akauliza debe ni shilingi ngapi.
Bwambale akamjibu: Hizi haziivi, mama.

Bwambale ndiye fundi. Kiswahili chake ni cha kambini,
cha amri: Pima! Koroga! Mwaga!
Alivua buti miaka tisa iliyopita
lakini lugha haina kamba za kufungua.

Anasema: mwiko una maana mbili, kijana,
na leo utazishika zote.
Huu wa chuma, wa kulainishia.
Na ule mwingine: maji.
Tone moja likiingia ndooni
gundi inapanda povu, inapauka
kama jicho la samaki wa juzi,
na pesa za Mama Kemigisha zimekwenda.

Basi tunalitazama ziwa.
Hapa Entebe mvua haipigi hodi,
inatoka majini ikiwa imeshavaa.

Saa tatu. Anga safi.
Ndoo ya utomvu, ndoo ya dawa ya kuugandisha;
zikikutana, una dakika ishirini.
Nimepaka mikono mafuta ya kupikia
kama nyumbani kabla ya kupasua fenesi,
maana utomvu hausikii sabuni.
Mashine inazunguka. Kokoto zinatoka ziking'aa,
zimelowa bila maji.
Tunamwaga, tunavuta kwa reki, tunapiga magoti,
mwiko unakwenda, unarudi, unakwenda,
hadi mawe yakubali kulala ubavu kwa ubavu
na hata moja lisiinue kiwiko.

Kutoka barazani hadi langoni ni hatua thelathini na mbili.
Tulikuwa tumebakiza mbili
aliposhuka kaloli.

Alitoka juu ya nguzo ya umeme,
na upara wake, na mfuko wake shingoni,
akakanyaga kazi mbichi
polepole, akikagua,
kama afisa ardhi aliyestaafu asiyejua kuacha.
Ssekitto akamrushia ndala.
Usirushe kitu, kitaganda! alipiga kelele Bwambale.
Ndala ilikuwa imeshaganda.

Utotoni tulitega shorewanda kwa ulimbo wa mti,
tone dogo kwenye kijiti.
Sikudhani nitakuja kutega dude lile
kwa mita za mraba.
Alivuta mguu huu, akavuta ule,
akapiga mbawa hadi kofia zetu zikaruka,
akaondoka.

Nyayo tatu tulizifuta. Ya nne ilikuwa imeshika,
vidole vitatu mbele, kimoja nyuma,
karibu na bawaba ya lango.

Kesho yake Mama Kemigisha alikuja, viatu mkononi,
akatembea njia yote bila neno.
Penye ule unyayo akasimama.
Ssekitto akaanza kukohoa.
Akauliza tu: Na mvua ikinyesha?
Bwambale akachukua jagi la maji,
mwiko wa jana, akayamimina yote papo hapo.
Yakazama katikati ya mawe. Halikubaki dimbwi.
Mama akacheka, akafungua mkoba.

Tulilipwa kwa hatua thelathini na mbili.
Lakini kuna kokoto za asali, tano au sita,
zilizopaa na miguu ya yule ndege,
na ziko juu ya bati la mtu fulani hapa mjini,
zimeshika vizuri,
hazijalipiwa.